Sikio la Mtunzi wa Lahani

Kila wanapokutana wapenzi wa taarabu, hasa wale ambao umri umewapa haki ya kulalamika, hayakosi kuzuka mazungumzo ya aina moja: kwamba lahani za leo hazina ladha, kwamba watunzi wamekauka, na kwamba chanzo cha yote hayo ni vijana kuiga muziki wa kigeni. Lalamiko hilo lina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza, kwamba lahani nyingi mpya ni nyepesi, naikubali. Ya pili, kwamba dawa ni kuziba masikio na kurejea kwenye kilicho chetu, siikubali hata chembe, na makala haya yamekusudiwa kueleza sababu. Kwa maoni yangu watunzi wetu hawana kosa la kusikiliza mno. Wanasikiliza kidogo mno, na hicho kidogo wanakisikiliza juu juu.

Tuanze na hicho kinachoitwa chetu. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, ndiye aliyempeleka Muhammed Ibrahim nchini Misri ili akajifunze kupiga ganuni, na aliporejea akawa mwalimu wa wapigaji wa jumba la mfalme. Mwaka 1905 ikaundwa Nadi Ikhwani Safaa, na wanachama wake wakaimba kwa Kiarabu, kwa ala na maqamu za Waarabu. Kama taarabu ingeishia hapo, leo tungekuwa na tawi dogo la muziki wa Misri lililopandwa kisiwani, zuri pengine, lakini lisilokuwa na la kuwaambia watu wa Ng'ambo.

Aliyeligeuza jambo hilo alitoka Fumba. Siti binti Saad, aliyezaliwa mnamo 1880, mtoto wa wazazi waliokuwa watumwa, aliingia mjini akiuza vyungu, na kwa sauti yake akafika mahali ambapo mwanamke wa asili yake hakutarajiwa kufika. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay pamoja na wenzake kurekodi santuri. Shaaban Robert aliona maisha hayo yanastahili kitabu, akamwandikia wasifu. Mengi yamekwisha kuandikwa kuhusu ujasiri wa Siti na kuhusu mashairi yaliyosema kweli mbele ya wakubwa. Kwa bahati mbaya ni machache yaliyoandikwa kuhusu masikio ya wale waliomzunguka. Kundi lile lilikuwa na Subeti bin Ambar, Maalim Shaaban, Buda bin Mwendo na Mbaruku, huyu wa mwisho akiwa kipofu aliyetoka Mombasa. Hawa walikuwa watu wa mtaani. Usiku mmoja waliweza kupiga lahani ya Kiarabu barazani kwa tajiri, na usiku wa pili wakawa karibu na ngoma ya msondo, au maulidi, au arusi inayochezwa kwa mikono na vijiti. Siti mwenyewe aliimba Kiswahili, Kiarabu na Kihindi. Katika kichwa cha mtu kama huyo muziki tatu au nne hukaa pamoja na kuambukizana.

Mambo hayakuishia kwao. Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya Gramophone ilianza kuuza barani Afrika santuri za mfululizo wa GV, nyingi zikiwa na muziki wa Kuba, na mapigo ya rumba na bolero yakaingia kwenye masikio ya watu kutoka Kongo hadi mwambao. Yakaingia kwenye dansi, na yakaingia pia kwenye taarabu. Msikilizaji makini wa nyimbo za vikundi vyetu vya zamani atayakuta yamejificha chini ya fidla kana kwamba yalizaliwa Malindi. Katika miaka ya 1950 majumba ya sinema ya mjini, Empire, Sultana na Majestic, yalikuwa yakionyesha filamu za Kihindi na za Kimisri, na watu walitoka wakizipiga mluzi lahani walizozisikia. Redio nayo ikaileta Cairo sebuleni. Vikundi vikapanuka, fidla zikaongezeka, akordioni na sello zikaingia, na Mila na Utamaduni, kilichoanzishwa mwaka 1958, kikakulia katika sauti hiyo ya bendi kubwa.

Anayesema turejee kwenye asili inafaa aulizwe tushukie kituo kipi. Je, tushuke 1905, wakati ambapo nyimbo ziliimbwa kwa lugha ambayo waimbaji wengi hawakuzaliwa nayo? Tushuke 1928, pamoja na santuri zilizotengenezwa Bombay? Au tushuke kwenye zile bendi za fidla ambazo wazee wetu wanazililia leo, na ambazo wazee wao waliziona kuwa ni umisri mtupu? Wala huko Misri kwenyewe hakukuwa na chemchemi safi ya kutekea. Muhammad Abdel Wahab, mtunzi aliyewafundisha wetu wengi kwa njia ya santuri bila ya kuwaona, alitumia tango na rumba katika nyimbo zake, na katika wimbo mmoja wa filamu wa miaka ya 1930 aliutumia mwanzo wa simfoni ya tano ya Beethoven. Wako waliomshutumu huko kwao kwa maneno yale yale tunayowatupia vijana wetu. Aliyekuwa akiazima huku ndiye aliyekuwa mkopeshaji kule.

Ikiwa kila kizazi kimeazima, kwa nini basi baadhi ya maazimo yanaishi na mengine yanakufa pamoja na msimu? Hapa ndipo ilipo kazi ya mhakiki, na hapa ndipo lalamiko la barazani linapotuacha mkono, kwa sababu linauliza muziki umetoka wapi badala ya kuuliza umefanyiwa nini ulipofika.

Jibu langu linaanzia kwenye shairi. Shairi letu la kawaida lina mishororo minne yenye mizani 16, iliyokatwa katikati, 8 kwa 8, na vina katikati na mwishoni. Nyimbo za taarabu aghalabu huwa na mishororo mitatu katika ubeti, na mizani zake hubadilika, lakini tabia ni ile ile: kipande kifupi, kituo, kipande kifupi, kituo. Kiswahili pia kina tabia ambayo hakuna mtunzi awezaye kuikimbia, nayo ni kwamba mkazo wa neno huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo kipande cha mizani 8 huwa na uzito wake wa mwisho kwenye mizani ya 7, na mizani ya 8 ni ya kutua, kama mguu unaoshuka kwenye daraja ya chini. Kiarabu kina maneno mengi ambayo irabu ndefu huuvuta mkazo hadi silabi ya mwisho, na lahani zilizotungwa kwa ajili ya maneno hayo hupenda kukaa na kujinyoosha hapo hapo mwishoni. Kihindi nacho hupima ushairi wake kwa urefu na ufupi wa silabi. Kila lugha imeukata muziki wake kwa kipimo chake.

Sasa chukua lahani ya kigeni, ipachike juu ya shairi la Kiswahili bila ya kuigusa, na utaona linalotokea. Neno kama "mapenzi", ambalo kila mtoto analitamka kwa uzito wa katikati, linatamkwa kwa uzito wa mwisho, likawa si letu wala si lao. Mwimbaji hodari huweza kuificha kasoro hiyo kwa mapambo. Siyazungumzii mapambo hapa, maana kuivuta silabi ya mwisho kwa madaha ni ufundi wa waimbaji wetu na ni halali yao. Nazungumzia pigo lenyewe linapoanguka pasipo mahali pake, ubeti baada ya ubeti, mpaka sikio linachoka bila ya kujua limechoshwa na nini. Kipimo ni chepesi, na yeyote anaweza kukifanya nyumbani: yasome maneno kwa sauti kama unavyoyasema, kisha yaimbe taratibu, uone kama mikazo ya kusema na ya kuimba inasalimiana. Inapopigana mara mojamoja, pengine mtunzi alikusudia. Inapopigana wimbo mzima, lahani haijawasili. Bado imo melini.

Mizani ndiyo forodha yetu. Kila kitu kiliruhusiwa kuingia, lakini kilitozwa ushuru. Rumba ilipoingia kwenye taarabu ililazimika kupunguza mwendo ili ingojee kituo cha katikati ya mshororo. Maqamu za Kiarabu zilibaki, lakini miisho ya vipande vyake ikajifunza kutua. Bendi ya fidla ikapewa kazi ya kujibu, ili pale mshairi anaponyamaza baada ya mizani ya 8 kuwe na sauti ya kuendeleza hoja yake. Majibizano hayo ya mwimbaji na fidla, ambayo mgeni huyaona kuwa ni ya Cairo moja kwa moja, kwetu yamechukua umbo la mshororo wa Kiswahili wenye vipande viwili. Hakuna aliyekaa kikao akaamua hivyo. Watu waliokuwa na shairi mkononi na muziki wa dunia masikioni walijaribu mpaka vikakubaliana.

Mombasa ilichukua njia nyingine, nayo inastahili kutazamwa kwa haki. Mtindo wa taarabu ya Kihindi, ambao marehemu Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alikuwa bingwa wake, uliichukua lahani ya filamu ilivyo na kumtaka mshairi aandike maneno ya kuienea. Binamu yake Ahmad Nassir, mwenye diwani ya Malenga wa Mvita, alikuwa miongoni mwa waliomtungia. Nani atathubutu kusema kwamba nyimbo hizo hazikuwa na thamani? Sauti ya Juma Bhalo ilikuwa na uchungu ambao hakuuazima kwa mtu, na washairi wa Mvita ni washairi. Hata hivyo, tukiitazama lahani peke yake, kama ndiyo urithi atakaoachiwa mtunzi wa kesho, naona mkono mtupu. Mzigo wote wa kuafikiana ulibebwa na mshairi. Lahani haikubadilishwa, kwa hiyo haikuzaa. Aliyezipenda lahani hizo na akataka kujifunza kutunga ilimbidi aende kwa wenyewe, kule Bombay, kwani Mombasa ilikuwa imezipokea tu. Najua wako watakaonikasirikia kwa maneno haya, na wengine ni rafiki zangu.

Tofauti hii baina ya kuchukua sura na kujifunza muundo si jambo la pwani peke yake. Mwaka 1889, kwenye maonyesho makubwa ya Paris, kijana Claude Debussy aliwasikiliza wapigaji wa gamelan kutoka Java, ule muziki wa upatu na vibao vya shaba ambapo kila ala ina mwendo wake, nyingine ikipiga polepole kama saa ya mnara na nyingine ikikimbia juu yake. Angeweza kurudi nyumbani na kununua upatu. Hakufanya hivyo. Kipande chake cha piano kiitwacho Pagodes, ambacho wajuzi huona humo alama ya wazi ya gamelan, kilitoka mwaka 1903, yaani miaka 14 baadaye, na ndani yake hakuna ala hata moja ya Java. Kuna piano tu, inayopigwa kwa namna ambayo piano haikuzoea kupigwa, sauti nzito zikiachwa zivume chini huku nyepesi zikizungukazunguka juu. Steve Reich, Mmarekani, alikwenda Ghana mwaka 1970 kujifunza ngoma za Waewe kwa mikono yake mwenyewe, na baadaye akaandika kwamba njia isiyo na faida ni kuiga mlio wa muziki wa watu wengine, na yenye faida ni kujifunza jinsi ulivyojengwa kisha ukajengea kwa ala zako. Wahenga wetu walikwisha kulisema kwa maneno machache: ukiona vyaelea, vimeundwa. Mtunzi anayesikiliza inampasa awe fundi wa majahazi anayekitazama chombo cha mwenzake bandarini. Abiria husifu tanga. Fundi huinama kutazama mataruma.

Wala tusidhani kwamba ni mabingwa wa Ulaya na Marekani tu walioweza. Sudan iko karibu na Misri kuliko sisi, na Kiarabu ni lugha yao ya nyimbo. Walichukua udi, walichukua fidla, waliisikiliza Cairo kwa miaka mingi. Na bado wimbo wa Sudan umejengwa kwa ngazi ya sauti tano, ile ile inayosikika hadi Ethiopia, na msikilizaji haihitaji hata nusu dakika kujua hayuko Cairo. Marehemu Mohammed Wardi, aliyekuwa Mnubi na aliyefariki mwaka 2012, alipendwa katika pembe yote ya Afrika, na watu wasiojua Kiarabu waliimba naye. Nimekuwa nikijiuliza kwa nini nyimbo hizo hazitajwi kabisa pale watunzi wetu wanapozungumza. Tatizo alilokuwa nalo Msudani ndilo hasa tuliokuwa nalo sisi, jirani mkubwa mwenye sauti kubwa, naye akalitatua kwa njia tofauti na yetu. Mtunzi wa Unguja akikaa na Wardi mwezi mmoja, nina hakika hatatoka na wimbo wa Kisudani. Atatoka na swali jipya kuhusu wimbo wake.

Turudi sasa kwenye hali yetu ya leo, ambayo ni ya ajabu. Hapajapata kuwa na kizazi chenye muziki mwingi karibu yake kuliko hiki. Kijana wa Mpendae ana simu, na ndani ya simu mna Java na Kuba, mna Umm Kulthum, mna na santuri za zamani ambazo babu yake asingezipata hata kwa fedha. Tangu mwaka 2005 kumekuwa na mfululizo wa diski uitwao Zanzibara, ambao juzuu yake ya kwanza iliwekwa kwa ajili ya karne moja ya Ikhwani Safaa, na ndani yake mwambao unasikika kuliko unavyosikika katika redio zetu. Lakini simu hiyo hiyo ina tabia ya kumletea mtu kile kinachofanana na alichokisikia jana. Aliyesikiliza taarabu ya kisasa ataletewa nyingine ya aina hiyo, na nyingine, mpaka aamini kwamba dunia nzima ina pigo moja. Babu yake alikuwa na santuri kumi, lakini zilikuwa za namna kumi, na hakuwa na la kufanya ila kuzirudia hadi azijue mifupa yake.

Taarabu ya kisasa yenyewe, iliyoshika kasi miaka ya 1990 kwa vikundi kama East African Melody, Muungano na TOT, siitazami kwa dharau. Ilirejesha wanawake mbele ya jukwaa, ikawapa nafasi ya kusema, na mipasho yake ina ushairi ndani yake kuliko wanavyokiri wanaoiponda. Tatizo lake ni la fundi. Kinanda cha umeme cha kawaida kimeigawa sauti katika ngazi 12 zilizo sawa, na zile sauti za maqamu kama rasti na bayati zinazokaa baina ya kibao na kibao hazina pa kukaa. Zilitoweka bila ya matanga. Na pigo linalotoka kwenye mashine halimngojei mshairi afike kwenye kituo chake, basi mshairi ndiye anayekimbia. Hivyo vitu viwili ambavyo wazee walivipata kwa kusikiliza sana, yaani sauti za katikati na kituo cha katikati ya mshororo, vilipotezwa kwa pamoja kwa sababu ya kununua ala bila ya kuiuliza maswali.

Upande wa pili ni vikundi vya asili, na hapa ndipo moyo unaponiuma zaidi. Kuna wapigaji mahiri visiwani ambao kazi yao ya kila juma ni kuwapigia wageni wa mahoteli nyimbo kumi na tano zile zile. Mgeni hadai jipya. Anadai lile alilosomewa kwenye kitabu cha safari. Mpigaji anayerudia nyimbo hizo kwa miaka hukosa haja ya kusikiliza, na asiye na haja ya kusikiliza hatungi. Tunaita hali hiyo kuhifadhi.

Na wakati taarabu ya asili ikijihifadhi hivyo, ni nani aliyekuwa akiisikiliza? Vijana wa Manzese na Tandale, huko Dar es Salaam, ambao katika miaka ya 2000 walivichukua vipande vya ala vya taarabu, wakavikata, wakavizungusha, wakaviongezea kasi hadi vikawa kama mvua juu ya bati, na kutoka humo, pamoja na mchiriku na ngoma za uswahilini, wakaunda singeli. Mwaka 2017 diski ya studio ya Sisso ilipotoka, muziki huo ulikwisha kuanza kusikilizwa Ulaya. Mtu anaweza asipende kelele zake, na mimi mwenyewe hunitosha dakika kumi. Lakini hawa ndio waliofanya tendo la mtunzi: walikisikia kitu ambacho sisi tuliacha kukisikia kwa kukizoea, wakauliza kinaweza kufanya nini kingine. Taarabu ilimpa singeli. Haijachukua kitu kutoka kwake.

Katika hali hii wapo walioonyesha njia, na haki wapewe. Chuo cha muziki wa nchi za jahazi, kilichoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, pamoja na misukosuko yake ya fedha, kimewalea vijana wanaoweza kusoma noti, kupiga maqamu na kukaa na ngoma katika wiki moja. Mpiga ganuni Rajab Suleiman na kundi lake la Kithara wameyaingiza mapigo ya ngoma na kidumbaki ndani ya taarabu kwa namna ambayo ganuni haikugeuzwa kuwa pambo. Na marehemu Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alikuwa somo lililotembea: mwanamke aliyeimba nyimbo za Siti na kupiga msondo wa unyago, na ambaye koo lake halikutambua mpaka baina ya viwili hivyo.

Hiyo kidumbaki niliyoitaja haijapata heshima inayostahili. Mara nyingi husemwa kuwa ni taarabu ya maskini: vidumbaki viwili vya udongo, fidla moja, cherewa, mkwasa, na sanduku la chai lenye kijiti na kamba likawa besi. Maneno hayo ni kweli kwa upande wa fedha na uongo kwa upande wa sikio. Wapigaji wa kidumbaki waliichukua lahani ya bendi kubwa, wakaitoa nyama, wakabakisha mstari wa fidla na mkwaju wa sanduku, kisha wakaiunganisha na nyingine na nyingine bila ya kusimama, arusi nzima. Ili uweze kuunganisha lahani saba bila ya mchezaji kukosea mguu inakubidi uzijue kwa undani kuliko aliyeipiga moja na kupumzika. Mtunzi anayetaka kujua lahani gani za zamani zina mifupa na zipi zilikuwa zikishikiliwa na wingi wa fidla, aende akaone zipi zilizodumu kwenye kidumbaki.

Hivyo ndivyo ninavyofahamu shauri la kusikiliza muziki mwingi: kusafiri mbali, na pia kuvuka mkondo wa Pemba. Ni ajabu kwamba mtunzi wa mjini huweza kukutajia wapiga gitaa watano wa Mali lakini hajapata kukaa hadi mwisho wa msewe, akasikiliza jinsi njuga za miguuni zinavyofanya kazi ya ala ya pili, wala hajaiangalia maulidi ya homu, watu wamepiga magoti safu moja, miili ikiyumba pamoja, mpaka mwendo wa miili hiyo unakuwa ndio pigo hata tari zinaponyamaza. Yupo Mali, yupo Java, na kwao hayupo. Simwambii aache kusafiri; mgeni njoo, mwenyeji apone. Namwambia kwamba sikio lililofunguliwa na Java ndilo litakalosikia msewe, kama vile sikio lililolelewa na msewe lingesikia Java vizuri zaidi kuliko nilivyoisikia mimi.

Kuna kibati, kwa mfano. Ni ngoma ya Pemba ambayo ndani yake maneno hurushwa kwa kasi, ya papo kwa papo, mmoja akisema na mwingine akidaka, juu ya ngoma zinazokimbia, mpaka ghafla yote yakaingia kwenye kiitikio na kila mtu akawa anaimba. Humo mna kile ambacho taarabu imekikosa kwa muda mrefu, yaani maneno yanayosemwa kwa mwendo wa kusema, na mpito wa kutoka kwenye usemi hadi kwenye wimbo bila ya mlango kusikika ukifunguliwa. Ganuni ingeweza kuupiga mpito huo. Fidla zingeweza kudaka maneno kama wale wachezaji wanavyodakana. Sijapata kusikia lahani ya taarabu iliyotungwa na mtu aliyekaa na kibati muda wa kutosha, na ningependa niisikie kabla sijazeeka zaidi.